Kusoma Chozi la Heri Kakuma, Pamoja na Riwaya Nyingine Nne

Mwalimu wa fasihi katika shule zetu za upili aghalabu husoma vitabu viwili kwa mwaka: riwaya teule, na mwongozo wa riwaya teule. Nasema hivi nikijijumuisha. Nilikuwa hivyo kwa muda mrefu, hadi kazi iliponileta Turkana, ambako jioni ni ndefu na safari ya matatu kutoka Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, inamwezesha abiria kumaliza sura mbili tatu tangu barabara ilipotiwa lami upya. Nimefundisha Kiswahili pande zote mbili za safari hiyo. Mkoba wangu haukosi riwaya, na mara nyingi si ile inayotahiniwa.

Riwaya tano ninazozijadili hapa hazikuchaguliwa kwa mpango wowote. Moja ilikuwa teule, moja ni ya upelelezi, moja ni tafsiri inayorejelea historia ya pwani na bara, moja inampeleka mhusika wake angani, na ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwa watahiniwa tangu 2023. Baadhi nilizisoma pamoja na wanafunzi, na hivyo maoni yangu si yangu peke yangu. Mengine niliyapata kwa kushindwa katika ubishi. Nitaanza na ile iliyonisumbua zaidi, na nitakaa nayo kwa kitambo.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Msomaji Mkenya hapati taabu kutambua machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Tume ya Waki ilisema yaliwaua watu 1,133. Ridhaa, daktari, anapoteza mke, watoto na mjukuu baada ya nyumba yake kuteketezwa na jirani aliyemwamini. Anajikuta kambini pamoja na wengine waliotimuliwa. Baadaye mwanawe Mwangeka, aliyekuwa akilinda amani ng'ambo, anarudi, na mkondo wa hadithi unahamia kwa Umu na nduguze Dick na Mwaliko. Hayo mtahiniwa yeyote aliyesoma anayajua. Swali langu ni hili: ni nini kinachotokea riwaya hii inaposomwa na mtoto aliyezaliwa kambini?

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Hivyo basi wapo wanafunzi ambao wazazi wao walikutana hapo, wakaoana hapo, na kuwazaa hapo. Katika darasa moja unaweza kumpata Mturkana wa hapo hapo Kakuma, Mdinka, Msomali, Mrundi na Mkongo wa kutoka Uvira. Mwalimu anayeingia katika darasa kama hilo na kutangaza kwamba leo tutajadili "maudhui ya ukimbizi" hana budi kujiuliza ni nani hasa anayemfundisha mwenzake.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa nilichokitarajia. Ridhaa akiwa mwanafunzi mdogo anatengwa na wenzake kwa kuitwa mfuata mvua, yaani mtu wa kuja, asiye na asili mahali pale. Miongozo yote huorodhesha tusi hilo chini ya ukabila. Nilipoliandika ubaoni, wavulana wa Kiturkana walinitazama wakisubiri nieleze tusi liko wapi. Kwao kufuata mvua ni akili. Mwenye mifugo asiyefuata mvua atakaa na mizoga wakati wa akamu, yaani kiangazi. Mmoja akaniambia kwamba babu yake angefurahi kuitwa hivyo. Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini baadaye nilitafakari sana. Tusi hilo linategemea msomaji anayeamini kwamba mtu mwenye haki ni yule aliyekaa mahali pamoja akalima. Riwaya inalaani ukabila wa wanaomtukana Ridhaa, na inafanya vyema. Hata hivyo haihoji dhana iliyo chini ya tusi lenyewe, kwamba kuhama ni aibu. Huo ni ukingo wa mtazamo wa riwaya, na sikuwahi kuuona nilipokuwa nikiifundisha kwingine. Mtahiniwa wa Turkana na alieleze tusi hilo kama riwaya inavyolikusudia, maana ndivyo atakavyopata alama. Lakini ajue pia kwamba mshangao wake haukutokana na ujinga.

Kikwazo cha pili kiliniuma zaidi. Niliwapa swali la insha kuhusu maisha ya kambini kama yanavyosawiriwa katika riwaya, alama 20. Kijana mmoja kutoka Kongo aliandika kurasa tatu safi. Alieleza foleni ya chakula, kadi inayopotea na mama anayelia kwa sababu ya kadi, mfereji unaotoa maji saa chache asubuhi kisha ukakauka, vumbi linalopanda saa tisa alasiri, mafuriko ya mto Tarach yanayobeba nyumba za udongo. Nikasoma mara mbili. Mengi ya hayo hayamo katika Chozi la Heri. Nikampa alama 4. Alinifuata ofisini, akasimama kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, nimedanganya wapi?"

Hakuwa amedanganya popote. Alikuwa ameandika insha bora kuliko zote, na kwa mujibu wa kanuni za Karatasi ya Tatu alikuwa ameanguka. Ninaandika haya kwa sababu najua walimu wengi wa Kakuma, Kalobeyei na Dadaab wamekabiliana na insha ya namna hiyo. Kosa halikuwa la kijana. Nilikuwa nimefundisha kambi ya riwaya kana kwamba ni kambi yoyote, nikawaruhusu wajaze mapengo kwa wanayoyaona wakitoka mlangoni. Tangu hapo, kabla ya swali lolote kuhusu kambi, huwauliza wanafunzi jambo moja kwanza: ni nini kilichoko kambini kwenu ambacho mwandishi hakukitia katika kambi yake? Wakishataja hayo, wanaona vizuri zaidi alichokitia. Wanaona kwamba anakazia wenye mali na wasio nayo kujikuta sawa mbele ya njaa, na hali duni ya afya, na aibu ya mtu aliyekuwa na cheo kujikuta akigombea chakula. Hiyo ni kambi ya siku za mwanzo, kambi ya mshtuko. Kakuma imepita mshtuko. Ina maduka, makanisa, misikiti, ligi za kandanda na wazee wanaokumbuka ilivyokuwa kabla ya miti.

Tofauti hiyo ina mizizi katika sheria pia, na mtahiniwa makini afaa kuijua. Walio katika Chozi la Heri ni wakimbizi wa ndani. Wamefukuzwa makwao lakini wamo nchini mwao, na hakuna anayewadai kibali wakitaka kwenda mji mwingine kutafuta kazi. Mkimbizi wa Kakuma amevuka mpaka. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka eneo la kambi bila karatasi maalum, na hata Sheria ya Wakimbizi ya 2021 haijaufanya mwendo wake kuwa sawa na wa raia. Ndiyo maana Ridhaa anaweza kutoka kambini na kurudia udaktari wake. Kwake kambi ni daraja. Kwa msomaji wangu wa Kongo ni mji aliokulia, tena mji ambao hawezi kuuita wake. Nadhani riwaya inaharakisha kuwatoa watu wake kambini kwa sababu mwandishi ana haraka ya kufikia heri aliyoiahidi katika anwani. Selume, muuguzi aliyetengana na ndoa yake kwa sababu ya kabila, alistahili kurasa nyingi zaidi pale kambini. Tunamwona akihudumia wengine, kisha hadithi inatupeleka kwingine.

Sasa kuhusu sadfa. Hapa ndipo niliposhindwa. Nimekuwa nikifundisha kwa miaka kwamba udhaifu mkubwa wa Chozi la Heri ni wingi wa sadfa: Umu anakutana na Dick katika uwanja wa ndege, Mwaliko naye anatokea kuwa amelelewa na jamaa wa familia ile ile. Ndugu watatu waliotawanywa na yaya mwovu wanaunganishwa kama vipande vya kigae. Nilisema darasani kwamba maisha hayako hivyo. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono. Akasema kwamba shangazi yake alimpata nduguye baada ya miaka tisa, kwenye foleni ya mgao, kwa kuisikia sauti yake tu. Mwingine akasema jina la mjomba wake lilisomwa kwenye orodha ya Msalaba Mwekundu. Wakafuatana, mmoja baada ya mwingine. Mahali ambapo watu wengi waliopotezana wanasukumwa kwenye mlango mmoja, kupatana si ajabu kama kunavyoonekana na sisi tuliozoea kwamba ndugu zetu wako nyumbani.

Nimeibadili hukumu yangu, ingawa si yote. Sikatai tena kwamba Umu na Dick wangeweza kukutana. Ninacholalamikia ni kwamba riwaya inalipa tukio la kupatana nafasi kubwa mno kuliko kazi ya kutafutana. Wanafunzi wangu walipoeleza, walieleza zaidi kutafuta: barua, majina yaliyoandikwa vibaya na makarani, simu za kuazima, kuuliza kila gari linaloshuka kutoka Lokichoggio. Kupatana kwenyewe walikueleza kwa sentensi moja. Katika riwaya mambo yamepinduliwa. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu sadfa, asiishie kuitaja na kutoa mifano mitatu; aseme inafanya kazi gani, na kama inamsaidia msomaji kuamini au inamzuia.

Niongeze jambo moja kabla sijatoka hapa. Simulizi ya Kaizari kuhusu yaliyompata mkewe Subira na mabinti zake Lime na Mwanaheri isisomwe kwa sauti darasani. Mwaka mmoja nilimwambia mwanafunzi aisome, kama tunavyofanya na sehemu yoyote. Msichana aliondoka katikati ya ukurasa, na hakurudi siku ile. Sikuwa nimefikiria. Kifungu hicho wanaweza kukisoma kimya kimya, na swali likaulizwa kuhusu usimulizi badala ya kuhusu tukio: kwa nini mwandishi anamwachia baba asimulie, na mabinti wenyewe hawapewi sauti? Hilo ni swali zuri la kitahini, tena linamwacha msichana akiwa salama kwenye kiti chake.

Nilipochoka na machozi nilirudi kwa Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, Unguja. Wenyeji wana hofu ya mizimu, askari wana dhana zao, na Bwana Msa akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum anatafuta mantiki. Wanaosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu wana haki kiasi. Lakini sikio la mwandishi ni lake mwenyewe. Mazungumzo yake yana utani, mzunguko na adabu ya baraza, na kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili alikipata kwenye vitabu vya sarufi, hiyo ni tiba. Niliwapa Kidato cha Pili mjini Lodwar kurasa chache na sijawahi kuwaona wakigombania nakala namna ile.

Walichokibishania ni mzimu. Katika jamii ya Waturkana emuron, mwaguzi na mwotaji, bado ana heshima yake, na baadhi ya wavulana hawakupenda jinsi riwaya inavyowafanya wanaoamini mizimu waonekane wajinga mbele ya mtu wa kiko. Nadhani wana hoja nusu. Bwana Msa hashindani na imani. Anashindana na mwuaji anayejificha nyuma ya imani. Kasoro halisi ya kitabu ni kwamba, kama ilivyo desturi ya utanzu huu, maelezo ya mwisho ni marefu kupita kiasi, na wahusika wa kike ni wembamba kama karatasi. Hata hivyo kisomwe.

Peponi nilikisoma peke yangu, polepole, nikiogopa kikiisha. Ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994. Tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis na ilitolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake na mtu anayemwita Ami Aziz. Anadhani anakwenda kutembea. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Dukani anamkuta Khalil, rehani mwenziwe wa miaka ya nyuma, ambaye anamkataza asimwite tajiri yule ami. Sentensi chache tu zinatosha kumwonyesha msomaji utumwa usiokuwa na minyororo.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na jambo ambalo msomaji wa Kiingereza halioni. Katika matini ya kwanza, maneno ya Kiswahili na Kiarabu yamesimama katikati ya Kiingereza kama wageni sebuleni. Katika tafsiri yamerudi nyumbani, na ugeni wao umekwisha. Mara nyingi hiyo ni faida; mazungumzo ya Khalil, yenye mzaha na uchungu, yanasikika kana kwamba hayakuwahi kuwa kwa lugha nyingine. Mara nyingine ni hasara. Neno kama mshenzi, ambalo watu wa pwani katika riwaya wanawaitia watu wa bara, katika Kiingereza humshtua msomaji. Katika Kiswahili limechakaa, tunatupiana hata uwanjani, na msomaji asiyekuwa makini atalipita bila kulisikia.

Mimi nililisikia, kwa sababu nililisomea Lodwar. Msafara wa Ami Aziz unakwenda bara na mizigo ya nguo na shaba, unapita vijiji vinavyotoza hongo, unaangamia nusu kwa maradhi, kisha Chatu, mtawala wa huko ndani, anaunyang'anya mali. Kwa wenye msafara, bara ni giza na hatari. Turkana ndiyo bara hiyo. Si kwa mfano tu: Machi 1888, Count Teleki alipolifikia ziwa letu na kulipa jina la Rudolf, jina lililodumu hadi 1975, aliongozana na wapagazi wengi wa pwani na mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, Jumbe Kimemeta. Kiswahili kilifika ukingoni mwa ziwa siku hizo, kikiwa lugha ya mizigo na bunduki. Vitabu vya shule humtaja Teleki. Sijawahi kukutana na mtahiniwa aliyesikia jina la Kimemeta.

Je, Gurnah anawatendea haki watu wa bara? Nilikuwa na shaka nusu ya kwanza, kwa kuwa tunawaona kupitia macho ya wasafiri. Chatu alinibadili mawazo. Anapotoa sababu za kuwanyang'anya, anataja mfanyabiashara aliyewahi kumlaghai kabla yao. Msafara unalipa deni la mtu mwingine, kama vile Yusuf anavyolipa deni la babake. Hapo riwaya inajikunja na kujigusa, bila ya mwandishi kutunyoshea kidole. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu habari ya neno mshenzi, nikitarajia wakasirike, mmoja akasema, "Mwalimu, hata sisi tunalo letu." Alikuwa akisema kweli. Katika Kiturkana emoit ni mtu wa nje, na neno lilo hilo ni adui. Wakimbizi waliokuwemo darasani wanalijua neno hilo vyema. Kukawa na kimya, kisha tukaendelea na ngeli.

Peponi si kitabu cha kumpa mtahiniwa mwezi Septemba. Ni cha mwalimu, na cha mwanafunzi mmoja au wawili unaowajua.

Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, inapata wasomaji wachache kuliko inavyostahili, na sababu moja ni mwandishi mwenyewe. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na katika miaka ya 1980 aliwahi kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Aliaga dunia 2004. Dzombo, mhusika wake, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua Walenisi, nchi ya usawa. Jina lenyewe ni kitendawili kilichofumbuliwa: wale ni sisi. Mwanzo wake una nguvu na kinaya kikali. Lakini Dzombo akishatua, riwaya inageuka darasa. Wenyeji wanaeleza, Dzombo anauliza, wenyeji wanaeleza tena. Hakuna anayegombana na jirani yake huko, na mahali pasipo na ugomvi msomaji husinzia.

Hayo ndiyo yalikuwa maoni yangu ya kwanza, na kuhusu sanaa yake bado ninayo. Ila huko Kakuma kitabu kilisomwa kwa jicho lingine. Wasomali wana neno buufis, hamu ya kupelekwa nchi ya mbali kuishi, hamu inayomla mtu hadi asiweze kufanya la leo. Wanafunzi wangu waliisoma Walenisi kama Marekani, Kanada au Australia: chombo kinapaa, unashuka, na kila kitu kiko sawa. Nikawaambia kwamba Mkangi hakumaanisha hivyo, kwamba wale ni sisi maana yake ni kwamba nchi hiyo ingeweza kujengwa hapa. Waliandika nilichosema. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, baadhi ya familia zilikuwa zimekwisha kuuza vyombo vyao vya nyumbani zikisubiri ndege. Nilikutana sokoni na mmoja wa wanafunzi wale, sasa kijana mzima, akinunua tena sufuria. Akaniuliza, kwa utani ambao sikuweza kuucheka, kama Mwalimu ana nakala nyingine ya Walenisi.

Nguu za Jadi ya Clara Momanyi nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa kila mwalimu ameshika kalamu kuihusu na watahiniwa wana miongozo ya kutosha. Waketwa na Wakule, Mtemi Lesulia anayetawala kwa kuwagawa, kijiji cha Matango kinachochomwa na wakazi wake kufurushwa: haya yanamkumbusha msomaji Chozi la Heri, na swali la kulinganisha linajileta lenyewe. Nguvu ya riwaya hii ni Mangwasha. Ni mhazili katika ofisi ya chifu, na hiyo ni nafasi aliyochaguliwa kwa werevu, maana mhazili husikia kila kitu na hakuna anayemwona. Palipo na Mangwasha hadithi inakwenda. Palipo na Lonare inasimama kidogo, kwa sababu mwandishi anampenda mno kiongozi wake huyu hata hamwachi akosee. Kiongozi asiyekosea ni rahisi kuorodheshea sifa, na ndiyo maana watahiniwa wanampenda. Wanaandika mwadilifu, mvumilivu, jasiri, mwenye msamaha, na wamepata alama zao.

Niliwauliza Kidato cha Nne mwaka huu ni nini ambacho Lonare anakihofia. Walirudi kitabuni wakatafuta kwa siku mbili. Msichana mmoja anaamini ameipata sehemu hiyo, karibu na mwisho, na ameniandikia ukurasa mzima wa hoja. Sijakubaliana naye bado. Nakala yangu imeazimwa na mwalimu mwenzangu aliye Kalobeyei, na akiirudisha nitazisoma sura zile tena kabla sijamjibu.